Modeli ya nyambizi: Jinsi ya kuipaka rangi na kuizeesha bila kuiharibu

Oktoba 27, 1941 nyambizi ya Kijerumani U-96 iliondoka bandari ya Saint-Nazaire, Ufaransa. Ilirudi hapohapo Desemba 6, siku 40 baadaye. Ndani yake alikuwemo mwandishi wa vita, Lothar-Günther Buchheim, akiwa na kamera yake. Picha alizopiga, riwaya yake Das Boot ya mwaka 1973 na filamu ya 1981 vimechangia sana kuwafanya watu wengi watamani kuwa na nyambizi ya aina hiyo mezani kwao.

Tazama picha za nyambizi zinazorudi kutoka safari ndefu kama ile. Ubavu una michirizi ya kutu, rangi imebambuka, chumvi imekauka juu ya chuma. Hicho ndicho wajenzi wa modeli wanachojaribu kukiiga, na wanakiita kuizeesha modeli.

Hapo ndipo wengi wanachemka. Mtu anakaa miezi mitatu anabandika vipande, halafu jioni moja anaipiga rangi ya kutu kila kona. Asubuhi anakuta kitu kinachofanana na bati lililotupwa nyuma ya gereji, na hakuna namna rahisi ya kurudi nyuma.

Makala hii inatumia mfano wa Type VIIC, aina ya U-96. Zaidi ya 500 zilijengwa, na ndiyo modeli ya nyambizi utakayoikuta kwa urahisi zaidi. Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 67.1. Kwa skeli ya 1:72 hiyo ni sentimita 93, yaani inakula meza nzima. Kwa 1:144 ni kama sentimita 47, na kwa 1:350 ni 19 tu.

Chagua siku kabla ya kuchagua rangi

Swali la kwanza sio "nitumie rangi gani". Ni "hii nyambizi iko siku gani ya maisha yake?"

Ikiwa inatoka bandarini baada ya matengenezo, karibu kila kitu ni safi. Ikiwa ina wiki mbili baharini, kutu imeanza kuchungulia kwenye matundu na kingo. Ikiwa inarudi baada ya wiki sita za mawimbi ya Atlantiki, hapo ndipo unaruhusiwa kuichafua kwelikweli. Huwezi kuchanganya, ukaweka mnara mpya kabisa juu ya ubavu uliochoka.

Siku hiyo inaamua hata vifaa. Nyambizi ya 1941 ina mzinga wa milimita 88 mbele ya mnara. Kuanzia 1943 mizinga hiyo iliondolewa kwenye nyambizi nyingi, na nyuma ya mnara yakaongezwa majukwaa ya bunduki za kupiga ndege. Bomba la kuvutia hewa nyambizi ikiwa chini ya maji, snorkeli, lilienea mwaka 1944. Ukiweka mzinga wa 88 na snorkeli kwenye modeli moja, anayejua atakuuliza.

Jitafutie picha za nyambizi hiyo, za mwaka huo. Kumbuka tu kwamba picha nyingi za vita ni nyeusi na nyeupe. Doa jeusi unaloliona linaweza kuwa kutu, mafuta, moshi wa dizeli au maji tu ambayo hayajakauka. Usilipake lote rangi ya chungwa.

Ipo U-995, ndugu wa karibu wa Type VIIC, imewekwa ufukweni Laboe karibu na Kiel, Ujerumani, na watalii wanaingia ndani tangu 1972. Inafaa sana kuona umbo, matundu na milango. Kwa rangi iangalie kwa tahadhari, maana inapakwa kama makumbusho, haijatoka vitani jana.

Na kama wewe ni wa Mombasa na unataka nyambizi inayogusa historia ya kwetu, ipo ya Kijapani, I-27. Februari 12, 1944 iliipiga kwa torpedo meli ya SS Khedive Ismail, iliyokuwa kwenye msafara kutoka Kilindini kwenda Colombo. Meli ilizama ndani ya dakika chache karibu na Maldives. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. I-27 nayo ilizamishwa siku hiyohiyo na meli za kivita za Uingereza. Mbinu za kuizeesha ni hizihizi, ila usiipake rangi za Kijerumani.

Osha plastiki, na ogopa tina ya gereji

Vipande vya plastiki vinatoka kiwandani vikiwa na mabaki ya mafuta yanayosaidia visigande kwenye ukungu. Rangi haishiki juu yake. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, acha vikauke vyenyewe.

Ukishaunganisha, ziba nyufa kwa puti na upige msasa laini ukiwa na maji, ili vumbi lisiruke. Halafu praima. Praima ya kijivu ina kazi mbili: rangi inapata pa kushika, na wewe unaona mikwaruzo ambayo plastiki tupu inaificha.

Sasa onyo. Tina wanayotumia mafundi wa kupiga rangi magari inayeyusha plastiki ya modeli. Nilijifunza hilo kwa modeli yangu ya kwanza. Nilitaka kufuta doa dogo puani, nikachovya pamba kwenye tina, na pua ikawa kama peremende iliyolambwa. Tumia tina ya chapa ileile ya rangi yako. Kwa rangi za mafuta za wachoraji tumia tapentaini isiyo na harufu kali.

Fanya kazi dirisha likiwa wazi. Ukipulizia rangi, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu, unahitaji ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Kichwa kikianza kuuma, acha na utoke nje.

Kijivu mbili, sio nyeusi

Watu wengi wakisikia nyambizi wanawaza nyeusi. Nyambizi za Kijerumani za Atlantiki kwa kawaida zilikuwa na kijivu hafifu juu ya mstari wa maji na kijivu kilichokolea chini yake. Chini sio nyekundu kama tulivyozoea kwenye meli za mizigo.

Anza na kijivu hafifu. Ukiwa na spreya ndogo ya kupulizia, ile kama kalamu inayounganishwa na kompresa, piga tabaka nyembamba mbili au tatu. Kwa brashi inawezekana pia, ila zimua rangi na subiri tabaka moja likauke kabla ya jingine. Haraka ndiyo inayoacha alama za brashi.

Rangi iliyo sahihi kwa nyambizi ya mita 67 huonekana nzito mno kwenye kitu cha sentimita 47. Ongeza nyeupe kidogo, tuseme sehemu moja kwa kumi. Kisha chukua kijivu hichohicho, ongeza nyeupe tena, na upulizie katikati ya mabamba bila mpangilio kamili. Kwenye kona na chini ya mbavu acha ile iliyokolea. Ubavu wenye kijivu cha aina moja tu kutoka pua hadi mkia unaonekana plastiki hata ukiuwekea kutu ya dunia nzima.

Kwa mstari wa maji kuna ujanja wa kizamani. Iweke modeli mezani ikiwa imenyooka kabisa. Panga vitabu mpaka kimo cha mstari unaoutaka, laza penseli juu yake, halafu sogeza vitabu taratibu kuizunguka modeli penseli ikigusa ubavu. Utapata mstari ulionyooka bila kubahatisha. Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari, bonyeza ukingo wake kwa kucha, piga kijivu kilichokolea chini. Toa tepu mapema, kabla rangi haijawa ngumu.

Sitaha

Sehemu kubwa ya sitaha ya Type VIIC ilikuwa mbao, zilizopakwa dawa nyeusi ya kuzuia kuoza. Kwa hiyo usiipake rangi ya mbao za mezani. Anza na nyeusi yenye kahawia kidogo. Ikikauka, chukua brashi bapa yenye kijivu, ifute kwenye tishu mpaka ibaki karibu kavu, na uipitishe juu ya mbao.

Fikiria miguu. Mabaharia walitoka kwenye mlango gani? Walisimama wapi wakipakia mzinga? Njia hizo ndizo zinazopauka. Pembezoni, ambako hakuna aliyekanyaga, pabaki peusi. Mbao hazishiki kutu, kwa hiyo kutu kidogo iwe kwenye vyuma vilivyo juu yake tu, kama vifungio na kingo za milango.

Maji yanapita wapi?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nakushauri uache brashi pembeni kwanza, uishike modeli mkononi uiangalie.

Chini ya sitaha ya nyambizi hii kuna nafasi isiyozuia maji. Ikizama, bahari inaingia humo. Ikiibuka, maji yote yanatoka kupitia safu ndefu za matundu ubavuni. Hilo linatokea kila inapozama na kuibuka, pengine mara kadhaa kwa siku. Kwa hiyo kila tundu ni mdomo unaotema maji ya chumvi juu ya chuma kilekile, njia ileile, wiki baada ya wiki. Rangi inachoka hapo kwanza, na mchirizi wa kutu unaanzia ukingo wa chini wa tundu na kushuka.

Chini ya matundu kuna matangi ya pembeni yaliyotuna. Maji yakifika juu ya tuno hilo yanapunguza kasi na kusambaa, hivyo mchirizi unapanuka na kufifia. Ukiuchora mstari mmoja ulionyooka kutoka sitaha hadi chini, umekosea umbo la nyambizi yenyewe.

Chuma kinachoshika kutu haraka zaidi baharini ni kile kinacholowa na kukauka kwa zamu, kwa sababu kinapata chumvi, maji na hewa ya kutosha kwa pamoja. Kwenye nyambizi hiyo ni sehemu ya juu ya ubavu, nje ya mnara, na kingo zinazopigwa na mawimbi. Pua huchoka kuliko mkia.

Kuna vitu ambavyo kutu yake ni kosa moja kwa moja. Rafadha ni za shaba nyeusi, zikae na rangi ya dhahabu iliyofifia kuelekea kahawia. Mabomba ya periskopu yalitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Nyuma, pande zote mbili chini ya sitaha, kuna matundu ya moshi wa injini za dizeli: hapo weka masizi meusi, sio kutu.

Kutu yenyewe

Kabla ya hatua hii piga vanishi yenye mng'ao juu ya rangi yote. Ikikauka, bandika stika za kulowesha kwenye maji. U-96 ilikuwa na mchoro wa papa upanga anayecheka kwenye mnara, na kikosi cha tisa cha nyambizi kilikuja kuuchukua kama nembo. Piga vanishi tena juu ya stika. Tabaka hili ndilo bima yako, maana rangi ya mafuta ikikukataa, unaifuta kwa tapentaini na kijivu chako kinabaki salama chini.

Kamua rangi ya mafuta kidogo juu ya kipande cha boksi na uiache nusu saa au zaidi. Karatasi inanyonya mafuta, na rangi itakauka bila kung'aa. Unahitaji mbili tu: kahawia iliyokolea kwa kutu ya zamani, na kahawia yenye wekundu kwa kutu changa. Ile ya chungwa kali iweke mbali kabisa mpaka mwisho.

Weka kitone kidogo kama ncha ya sindano chini ya tundu. Chukua brashi safi, ilowanishe kwa tapentaini, ifute kwenye tishu, halafu vuta kitone kwenda chini. Vuta tena. Kila mvuto unakifanya kififie. Usiache kikiwa kizito kwa sababu "kitapendeza kwenye picha".

Anza na kahawia iliyokolea kwenye kama theluthi ya matundu, sio yote. Yatofautiane urefu. Subiri mpaka kesho. Kisha chukua ile yenye wekundu, ipitishe ndani ya baadhi ya michirizi ya jana, nyembamba zaidi. Chungwa, kama ni lazima, iwe nukta chache mahali ambapo rangi imebambuka leo asubuhi, kwa lugha ya siku uliyoichagua.

Rangi ya mafuta inachukua siku kadhaa kukauka sawasawa. Mjenzi anayeigusa kila saa anaishia na alama za vidole zenye rangi ya kutu.

Kuna njia nyingine kwa rangi inayobambuka, nayo ni spreya ya nywele. Hii inafanywa mapema, wakati wa rangi ya msingi. Unapaka kahawia ya kutu na kuifunga kwa vanishi. Juu yake unapiga spreya ya nywele tabaka mbili, inakauka, halafu kijivu cha akriliki. Baada ya dakika 20 hivi lowanisha eneo dogo kwa maji na ulisugue taratibu kwa brashi ngumu. Spreya inalainika chini na kijivu kinatoka vipandevipande. Inaonekana kweli kuliko madoa ya kuchora kwa mkono. Ila jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki cha kutupa, na kijivu kisiwe kinene, la sivyo kitatoka kama ganda la yai.

Kwa modeli ya 1:350 sahau spreya ya nywele. Doa la milimita moja hapo ni sentimita 35 kwenye nyambizi halisi. Sponji iliyochovywa rangi na kufutwa karibu ikauke inatosha, ukigusa kingo tu.

Chini ya mstari wa maji

Hapa makosa ni mengi, na sababu ni moja: watu wanaendeleza michirizi mpaka kwenye mkuku. Chini ya maji hakuna mchirizi. Chuma kimezungukwa na maji pande zote, hakuna kinachotiririka kwenda chini na kukauka. Kutu ya huko ni madoa mapana, yasiyo na umbo, na yasiwe mengi.

Kinachokaa huko ni mwani. Unahitaji mwanga, hivyo unakuwa mwingi karibu na uso wa maji na kupungua kadiri unavyoshuka. Changanya kijani na kahawia, zimua sana, na ugonge kwa sponji kwenye ukanda mwembamba karibu na mstari, kisha upunguze kwenda chini.

Chumvi ni ukungu mweupe, sio rangi nyeupe. Nyeupe yenye kijivu kidogo, iliyozimuliwa mpaka ikaribie maji, juu ya tuno la matangi na chini ya michirizi michache. Ikikauka itaonekana zaidi ya ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo simama mapema kuliko unavyotaka.

Kama nyambizi yako ni ya kisasa, sehemu kubwa ya haya haikuhusu. Nyambizi nyingi za leo zimefunikwa vigae vya mpira vinavyopunguza sauti. Hakuna sitaha ya mbao wala safu zile za matundu. Kuchoka kwake kunaonekana kwa kigae kilichong'oka na kuacha pengo la mraba, mpira uliopauka kwa jua, na mwani kwenye mstari wa maji.

Kufunga kazi

Rangi ya mafuta ikishakauka kabisa, piga vanishi isiyong'aa, tabaka nyembamba. Itapunguza ukali wa michirizi kidogo, ndiyo maana usiamue kuongeza kutu kabla ya kuiona chini ya vanishi hiyo. Ukitaka nyambizi iliyoibuka sasa hivi, bado inachuruzika, rudisha vanishi yenye mng'ao chini ya matundu na kwenye sehemu za sitaha tu.

Waya za antena, zile zinazotoka mnarani kwenda puani na mkiani, ziwe za mwisho. Ukiziweka mapema utazikata kwa mkono wakati wa kupaka rangi. Uzi mwembamba wa nailoni unafaa. Ukilegea, usogeze karibu na ncha ya kijiti cha ubani kinachowaka bila kuugusa, utajikaza. Vizio vidogo kwenye waya vinatengenezwa kwa matone ya gundi nyeupe, yakikauka yanapakwa rangi.

Kisha itafutie mahali pasipo na jua la moja kwa moja. Kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana plastiki hupinda, na sentimita 93 zilizopinda hazinyooki tena.